Seli za mlingoti?

SWALI: Ninatafsiri bango la kliniki moja hapa Umoja, Nairobi, kuhusu aleji. Niliandika "seli za mlingoti hutoa histamini", mwenzangu akacheka hadi machozi. Nimekosea wapi? Na niseme aleji au mzio? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Mwenzako kacheka bure, kosa hili lina mtego wake. Kwa Kiingereza jina la seli hizi za kinga ya mwili, "mast cells", linafanana kabisa na neno la mlingoti wa jahazi, "mast", ila halikutoka baharini. Lilitoka kwa Mjerumani Paul Ehrlich, aliyezieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1878. Kwao "Mast" ni kulisha mifugo hadi inone. Ehrlich aliziona zimesheheni chembechembe, akadhani zimeshiba.

Kumbe ile ni ghala, si tumbo. Ndani ya chembechembe hizo mna histamini, kemikali inayoleta dalili za aleji. Kingamwili, yaani protini za kinga, za aina iitwayo IgE hukaa juu ya seli zikivizia. Vumbi likimwingia puani mwenye mzio nalo, zinalinasa, na seli inamwaga akiba yake papo hapo. Ndipo mtu anapopiga chafya ndani ya matatu mpaka wenzake wafungue madirisha.

Kwa hiyo "seli nono" ingekuwa tafsiri aminifu ya dhana isiyo sahihi. Mimi ningeandika "seli masti", kama tulivyokwisha kusema histamini bila kuona haya. Na ushike "seli", usitumie "chembe": ukisema chembe, utajikuta unaeleza chembechembe zilizomo ndani ya chembe, msomaji apotee.

Kuhusu mzio: zamani lilikuwa jina la kitu chenyewe, chakula anachokatazwa mtu kwa kuwa kinamdhuru. "Pweza ni mzio wangu." Siku hizi limehamia kwenye hali: "nina mzio wa pweza." Yote mawili ni Kiswahili. Aleji nalo si kosa, na mitaani ndilo linaloeleweka upesi, basi mara ya kwanza andika "mzio, yaani aleji", kisha uendelee na mzio. Ila usiite kichocheo chake "kizio", kama nilivyosikia wengine wakijaribu. Mtoto wa shule atafikiria Kizio cha Kaskazini.

Bango lisomeke: "Seli masti zikichokozwa humwaga histamini."