Kuwapandisha wanafunzi Magamba: kwa wanaoanza kuongoza

Kiongozi mgeni huponzwa na haraka ya kufika. Watoto wa darasa la tano wanaopanda msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, hawahitaji kilele. Kilomita 3 zenye vituo vinne zinatosha asubuhi nzima, na kituo kikizidi dakika 20 wataanza kurushiana vijiti.

Pita njia yote siku moja kabla, kwa mwendo wa mtoto: tazama tope, mti ulioanguka, mahali pa kujisaidia. Kibali cha kuingia hifadhini hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kishughulikie mapema, si getini huku watoto 40 wanakungoja.

Gawa makundi ya watoto 8 hadi 10, kila kundi na mtu mzima wake. Anayeijua njia atangulie, mwalimu awe wa mwisho kabisa. Wanaochoka upesi wakae mbele, nyuma tu ya kiongozi. Ukiwaacha mkiani, wenzao husimama kuwangoja, na wakishafika tu msafara unaondoka. Kumbe anayehitaji kupumzika ndiye asiyepumzika. Kila mtoto awe na namba yake, na waitikie namba kabla ya kuondoka kituoni. Mwenye pumu abebe dawa yake mwenyewe, isibaki kwenye basi.

Kituo chenye faida kubwa kinataka kamba ya mita 4 tu, iliyofungwa ncha kwa ncha. Watoto wanne waivute pembe nne, upatikane mraba wa mita 1. Ulazeni kwanza chini ya misindano ya kupandwa, wahesabu aina za mimea (majina hayana haraka), kisha ndani ya msitu wa asili. Tofauti wataiona, waulize sababu, halafu nyamaza. Hapa viongozi wengi hushindwa: kimya cha sekunde 10 kinawatisha, wanajijibu wenyewe.

Gogo ligeuze kwa kulivuta upande wako, ili kama kuna nyoka chini atokee upande wa pili. Lirudishe lilivyokuwa, maana wadudu wa chini yake hukauka. Kinyonga hana sumu, ingawa watoto wengi humwogopa; mtazameni akiwa tawini, asibanduliwe kwa nguvu. Mkikuta siafu msisimame: ruka, songa mita kadhaa, ndipo mkung'ute nguo.

Kuteremka ndiko kunakojeruhi. Miguu imechoka, majani makavu ya misindano yanateleza, na mmoja akikimbia wote hukimbia. Kiongozi asipitwe na yeyote. Anzeni saa 2 asubuhi, kabla ya saa 7 muwe chini, kwa sababu ya ukungu na mvua za mchana. Kila mtoto abebe lita 1 ya maji. Waagize kunywa, kwani baridi huwasahaulisha kiu.

Kama safari ina Irente pia, jabali la kutazamia mandhari karibu na Lushoto, wakalishe mbali na ukingo wake kabla ya kuwaonyesha kijiji cha Mazinde kule chini. Aliyesimama husukumwa na anayetaka kuona.