Gari la taka linachanganya kila kitu, sasa mi nitenganishe za nini?

Mleta mada kauliza kuna faida gani ya kutenganisha taka nyumbani wakati gari likija vijana wanarusha zote humo humo. Mkuu swali lako nalielewa kabisa, lilishanitoa povu mwenyewe, ngoja nikupe ya kwangu.

Mwaka juzi nilinunua ndoo tatu, nikampanga wife na watoto, hii ya maganda, hii ya plastiki, hii ya makaratasi. Wiki mbili nyumba imenyooka. Jumamosi gari likapiga honi nikatoka mwenyewe kifua mbele na mifuko yangu mitatu, yule kijana akaikusanya yote kwa mkono mmoja akaitupa juu, pwaa, katikati ya pampasi za jirani. Namuuliza mbona unachanganya, akacheka, "Braza kwani kule dampo kuna vyumba?" Nikarudi ndani kimya. Ndoo moja ikawa ya kudekia, ingine ya maji ya chooni.

Aliyenirudisha kwenye mstari ni bimkubwa mmoja anayepita mtaani kwetu alfajiri na salfeti mgongoni anaokota chupa. Mwanzoni nilikuwa namchukia, anafungua mifuko yetu getini, nikaona anatuchafulia. Siku hiyo nikamwamkia, nikamuuliza si ubebe tu mfuko mzima? Akaniambia, "Mwanangu chupa zako zina mchuzi, nikizipeleka hivi mnunuzi ananikata kilo." Akakaa pale pale kwenye tofali akaendelea na kazi yake, anafungua kizibo, anamwaga kilichobaki, anaikanyaga na kisigino mpaka inakuwa chapati, vizibo vinaenda kwenye kopo lake peke yake. Nikauliza vizibo kosa lao nini, akasema ile plastiki nyingine, kata vipande uvitie kwenye maji uone. Nikaenda kujaribu na mwanangu kwenye beseni, aisee kipande cha chupa kikazama, cha kizibo kikaelea! Na kumbuka chupa ya nusu lita ina kama gramu 15 hadi 20 tu, yani kilo moja ni chupa 50 na ushee, sasa piga hesabu mtu mzima ainame mara 50 af akatwe kwa ajili ya mchuzi wako wa maharage.

Hapo ndo nikaelewa nilikosea wapi. Nilikuwa natenganisha kwa ajili ya gari, kumbe natakiwa kutenganisha kwa ajili ya wanaofika kabla ya gari.

Af kuna maganda, ambayo watu wanayasahau wanabaki kuongelea chupa tu. Taka za nyumba zetu hizi zaidi ya nusu ni za jikoni, maganda ya ndizi, viazi, mabua ya mchicha, ugali uliolala. Ukiyatoa hayo mfuko unakuwa mwepesi, haunuki, na chupa zinabaki kavu. Kama jirani ana mbuzi au kuku umemaliza. Mi sina, nikajaribu mboji kwenye pipa bovu, wiki ya pili ikanuka mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango, kumbe nilijaza maganda ya tikiti na wali mtupu, maji yametuama hakuna hewa. Dawa ilikuwa maranda toka kwa fundi seremala, bure kabisa, ukimwaga maganda unafunika na maranda, unageuza kila baada ya siku kadhaa, af chukua konzi moja ukamue, ikichuruzika maji bado mbichi ongeza maranda. Baada ya miezi kama mitatu inakuwa nyeusi inanukia udongo wa mvua. Matembele yangu sasa ivi watu wanaomba mbegu.

Kuna mdau huko juu kasema Watanzania ni wachafu kwa asili, hapo nakataa. Nani aliwahi kuona chupa ya soda ya kioo imetupwa mtaroni? Hakuna, kwa sababu muuza duka bila chupa tupu hakupi soda, mtoto mwenyewe anajua. Zilipokuja za plastiki kiwanda kikajitoa, mzigo tukaachiwa sisi na mitaro yetu. Na mifuko ya plastiki ya kubebea je? Ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, watu wale wale wanaoitwa wachafu wakatoa vikapu. Kwaiyo wajibu wa mtu mmoja mmoja upo, ila asibebeshwe peke yake.

Nakaa Tabata hapa Dar, wazee wa huku watakumbuka jiji lilikuwa linamwaga taka hapa hapa, wananchi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 wakashinda. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na wa kule nao wakaenda mahakamani. Baadae Vingunguti, Mtoni, leo Pugu. Ukisema "umetupa" maana yake umempelekea mtu mwingine tu.

Mengine sina jibu. Pampasi hakuna anayezitaka, pakti za krispi na biskuti pia, zile zina matabaka yamegandishwa pamoja hayabanduki, hizo zinaenda kwenye gari na ndo basi. Ila usichome, mi nilikuwa nachoma nyuma ya nyumba kila jioni mpaka mtoto wa jirani mwenye pumu akaanza kubanwa kila nikiwasha, nilijisikia vibaya sana.

Kwa sasa nina ndoo moja tu ya maganda, ina mfuniko maana nzi wa huku si mchezo, na salfeti la chupa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya choo cha nje. Tunasuuza chupa kwa maji ya mwisho ya vyombo, hatupotezi maji ya bomba. Bimkubwa anapita Jumanne na Ijumaa, siku hizi hata hodi hapigi, anaenda moja kwa moja kwenye msumari wake.