Kuvua kwa kayaki Ziwa Kivu: je, kumlipa kiongozi kuna faida?

Swali: Niko Bukavu, upande wa Muhumba. Nimenunua kayaki ya plastiki iliyotumika, ya kukaa juu, urefu mita tatu na nusu hivi. Nataka kuvua tilapia kwa ndoano siku ya Jumamosi, chakula cha nyumbani tu, siyo biashara. Kijana mmoja wa ziwani ananiomba dola 30 kwa siku anisindikize. Rafiki zangu wanasema ni kutupa pesa, kwa sababu ufuo naujua tangu utoto. Nimlipe au niende mwenyewe?

Jibu: Ndugu yetu, mlipe, lakini kwa safari mbili au tatu za kwanza tu, kwa nusu siku, na baada ya kumpima kwa maswali utakayoyakuta hapa chini. Kama dola hizo 30 ndizo pekee ulizo nazo na bado huna jile ya uokozi (koti linalokuelesha majini), nunua jile kwanza. Kiongozi aliye mita hamsini mbali anahitaji muda kukufikia, na asiyejua kuogelea na hana jile hana muda huo.

Wengi wanadhani kiongozi analipwa ili aonyeshe samaki walipo. Kwa tilapia, hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kazi yake. Tilapia wa Kivu hukaa karibu na ukingo: pembeni mwa matete, kwenye midomo ya vijito, penye tope au mchanga, kina cha mita mbili hadi sita. Funga jiwe kwenye kamba ya mita ishirini, piga fundo kila mita moja, na ndani ya Jumamosi mbili utakuwa umevijua vina vya ghuba yako. Ziwa hili lina aina chache za samaki. Kapitene, yule samaki mkubwa, hayumo, na mamba pia hamna. Kwa kiongozi unanunua ujuzi wa mambo matatu ambayo mtu haoni akiwa amesimama ufukoni, hata awe amezaliwa hapo: upepo wa ghuba ile, mpaka, na nyavu za usiku.

Tuanze na upepo, maana ndio unaoua. Jua linapochomoza, ziwa huwa limelala. Nchi kavu ikishapata joto, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huvutwa kuja kujaza nafasi. Kuanzia saa nne au saa tano ya asubuhi utaona maji yanaanza kukunjamana, na mchana mawimbi yanaweza kuvaa vichwa vyeupe. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, pepo za kusini-mashariki huongeza nguvu yake. Msimu wa mvua huleta ngurumo za alasiri, ambazo hushuka ghafla kutoka milimani.

Sasa angalia umbo la Bukavu lenyewe: mji umekaa juu ya rasi zinazoingia majini kama vidole. Nyuma ya rasi kuna kivuli cha upepo. Unapiga kafi kwa raha, unavuka ncha, na hapo ndipo upepo wote unapokupiga kwa mara moja, tena ukiwa umeshaelekeza mgongo kwenye usalama. Kayaki kama yako kwenye maji tulivu huenda kilomita nne au tano kwa saa. Upepo ukiwa usoni, mwendo huo hushuka hadi nusu, na mtu aliyechoka husimama palepale akidhani anasonga. Mvuvi aliyekulia kwenye ghuba ile anajua ni ncha ipi ya kuvuka na ipi ya kuacha, na saa ya kugeuka. Maarifa hayo hayahami: anayejua ghuba ya Muhumba si lazima azijue za Ishungu au Katana.

Pili, mpaka. Congo na Rwanda zimegawana ziwa, na juu ya maji hakuna alama unayoweza kuiona ukiwa umekaa usawa wa mawimbi. Mahali pabaya zaidi kwako ni pale Ruzizi inapotokea ziwani. Mto unavuta kimyakimya, ng'ambo ni nchi nyingine, na kilomita chache chini kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, ambako takataka za plastiki za ziwa lote huenda kukusanyika. Kinachoweza kubeba chupa na majani hadi kule kinaweza kubeba kayaki pia. Usivue karibu na hapo hata kama samaki wanaruka. Uliza pia kwenye ofisi ya uvuvi na kwa wakuu wa bandari ni karatasi gani zinahitajika na ni saa gani inaruhusiwa kuwa majini. Masharti hayo yamebadilika mara nyingi kwa sababu ya usalama, kwa hiyo uliza wiki ileile unayotoka. Kiongozi mwema ameshauliza kabla yako.

Nyavu hazihitaji maneno mengi. Zinategwa jioni, zinavutwa alfajiri, na alama yake mara nyingi ni chupa au kipande cha bidoni (dumu la plastiki) kinachoelea. Ndoano yako ikinasa humo, umemharibia mtu chakula cha watoto wake, na utamkuta akikusubiri ufukoni. Kiongozi anayekupeleka kwanza kumsalimia mkuu wa ufuo na wavuvi wa pale amekuondolea ugomvi ambao dola 30 hazitoshi kuumaliza.

Sasa, ni nani wa kumlipa? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wavuvi wa sambaza ni mahodari, lakini kazi yao ni ya usiku, kwa taa, juu ya trimarani (mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti), mbali na ukingo. Sambaza ni samaki wa maji wazi, waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na tabia zao hazifanani na za tilapia. Tena mtu aliyekesha kazini si wa kukulinda asubuhi. Vijana wanaotembeza wageni wanajua karatasi na njia, lakini wengi hawajui uvuvi. Anayekufaa ni mvuvi wa ndoano, mwenye pirogi (mtumbwi) yake, wa ghuba ileile unayotaka kuvua. Sharti awe na chombo chake. Kayaki ya mtu mmoja ya urefu wako kwa kawaida hubeba kilo 120 hadi 150 pamoja na vifaa. Watu wazima wawili juu yake huishusha, maji huingia kwenye kiti, na wimbi dogo tu huipindua. Akikuambia mpande pamoja ili kuokoa gharama, mshukuru na utafute mwingine.

Kabla ya kukubaliana bei, muulize maswali manne. La kwanza: upepo wa mchana hapa unatoka wapi, na ukinikuta nje ya ncha nikimbilie wapi? Anayejua atanyoosha mkono na kukutajia mahali pawili. Asiyejua atasema "haina shida, tutarudi". La pili: nyavu za nani ziko majini leo, na ziko wapi? La tatu: nikipinduka, utafanya nini kwanza? Jibu sahihi linaanza na wewe, kisha kayaki, kisha kafi. Fimbo na samaki ni mwisho, au viachwe viende. La nne ndilo sisi tunaliamini kuliko yote: ni lini mara ya mwisho ulikataa kutoka? Mtu ambaye hajawahi kukataa kutoka bado hajalielewa ziwa.

Safari ya kwanza msivue kabisa, au mvue saa moja tu mwishoni. Itumieni kujifunza kupinduka. Nendeni penye kina cha mita moja na nusu hadi mbili, fimbo zimebaki nchi kavu, jile imefungwa mpaka juu. Jipindue kwa makusudi. Kafi iwe imefungwa kwenye kayaki kwa kamba ya mita moja na robo hivi, la sivyo itaondoka na upepo. Pitisha mikono juu ya tumbo la kayaki, shika ukingo wa ng'ambo, weka magoti kwenye ukingo wa karibu na ujivute kinyumenyume mpaka igeuke. Halafu jiweke majini usawa wa kiti, usiwe mbele wala nyuma. Sasa inua miguu nyuma yako mpaka ielee juu ya maji, piga mateke, na jivute kifudifudi mpaka kitovu kiwe juu ya kiti. Geuka, kalia matako, ndipo uingize miguu. Kosa la karibu kila mtu ni kuacha miguu ining'inie: inapita chini ya kayaki, na kila unapojivuta unaigeuza ikuangukie tena. Kiongozi ashike ukingo wa upande wa pili kutoka kwenye pirogi yake mara ya kwanza na ya pili. Endelea mpaka ufaulu mara tatu mfululizo bila msaada. Maji ya juu ya Kivu yana joto la nyuzi 23 hadi 25 hivi, hayakugandishi, lakini tuko mita 1,460 juu ya bahari, na upepo juu ya nguo zilizolowa hulegeza mikono haraka kuliko unavyodhani.

Mjaribu pia kukuvuta. Kamba inayoelea, mita kumi hadi kumi na tano, ifungwe kwenye pua ya kayaki na nyuma ya pirogi. Isifungwe mwilini mwa mtu, wala mwake wala mwako.

Kuhusu bei: omba nusu siku, kuanzia jua linapochomoza hadi saa nne ya asubuhi. Saa za mchana unazolipia ndizo saa ambazo hamtakiwi kuwa majini. Mpe nusu ya pesa kabla, nusu mkirudi. Kubalianeni mapema samaki ni wa nani. Na usimlipe kamwe kwa kilo ya samaki, hata akipendekeza mwenyewe. Siku samaki wakikataa, malipo ya kilo yatamsukuma akupeleke mbali zaidi na akucheleweshe kurudi, na hapo unakuwa umemlipa akuingize kwenye hatari uliyomlipa akuepushe nayo.

Vifaa vya kwenda navyo ni vichache. Mshipi wa milimita 0.25, ndoano namba 8 au 10, chubwi la gramu tano hadi kumi, chambo cha nyungunyungu au donge dogo la bugali gumu. Ukitaka kambare, ongeza ndoano kubwa, namba 2, na uvue kwenye midomo ya mito. Filimbi na kisu kifupi vikae kwenye jile, visikae ndani ya begi. Nanga ya kilo moja na nusu inatosha, kamba iwe mara tatu ya kina, na ifungwe puani au mkiani kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Ukiifunga ubavuni, upepo ukisukuma kayaki na kamba ikikaza, ubavu huo huvutwa chini na unapinduka bila onyo. Ukisikia ngurumo, laza fimbo na urudi. Fimbo za kaboni hupitisha umeme. Na usishukie penye matete na maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho.

Wengine watakuambia kiongozi atakupeleka kwenye kilindi penye samaki wakubwa. Kataa. Chini ya mita sitini hivi, maji ya Kivu hayana hewa ya kutosha samaki kuishi. Kuna kaboni dioksidi na methani iliyoyeyuka. Kushusha mshipi kule ni kuulowesha tu.

Siku ukienda Goma, anza upya na mtu wa Goma. Kule ukingo ni mawe ya volkano yanayokata plastiki na nyayo, Gisenyi ya Rwanda iko pua kwa pua, na kuna mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mabonde na mashimo ya ufukoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, yaani saa ileile mvuvi anaposhusha kayaki. Haina rangi. Usiegeshe wala kulala kwenye shimo, na ukimkuta mtu au mnyama ameanguka humo usishuke kumwinua. Katika ghuba ya Kabuno, maji yasiyo na hewa huanza karibu sana na juu, kwenye mita kumi hivi, basi vulia ukingoni tu. Kule kiongozi wa hapo ni wa lazima kila safari, mpaka aone kwamba na wewe unajua.

Hapo Muhumba, safari ya tatu ibadilisheni: wewe tangulia, yeye afuate nyuma bila kusema neno. Wewe ndiye uchague njia, mahali pa nanga na saa ya kugeuka. Kama amelazimika kukuita mara moja kwa sababu ya upepo, mpaka au wavu, mlipe safari ya nne. Kama amenyamaza mpaka mmefika ufukoni, basi kwa ghuba hiyo, ndani ya mita mia tano kutoka ukingoni na asubuhi ya maji tulivu, unaweza kutoka bila yeye, mradi kuna mtu nchi kavu anayejua umeelekea wapi na utarudi saa ngapi.