Termoflashi haioni korona: kurudisha futingi ya asubui mu Goma

SWALI: Jambo mama doktere. Mimi ni prezida wa kikundi cha futingi, ile mbio ya asubui ya pamoja na nyimbo, hapa Katindo mu Goma, tulikuwaka karibu watu 70 kila siku ya Mungu asubui, tukasimama mwezi wa tatu 2020 juu ya korona. Sasa vile hali ya dharura iliisha na stade zikafunguliwa tarehe 15 mwezi huu wa munane 2020, tunataka kuanza tena. Tumenunua termoflashi, ile mashine ya kupima joto ya mutu, tuko na bidoni mbili za maji ya klore, na kuko ndugu mumoja anataka kutuuzia mashine ya kupulizia watu dawa mbele ya kuanza. Tena kuko wenzetu wawili wenye waliugua korona wakapona, wanataka kukimbia siku ya kwanza kabisa. Je, tuko tayari?

JIBU: Ndugu prezida, aksanti kwa kuuliza mbele ya kuanza, juu wengi wananiulizaka kiisha. Mambo ya kunawa mikono sitayarudilia, mu Goma hata mutoto wa miaka mine anajua kunawa na klore. Nataka tuanze na ile termoflashi, njo yenye inanisumbua zaidi, kila juma napata mutu ananiambia "doktere, sisi tuko sawa, tunapima kila mutu ku mulango", kama vile ile mashine iliona ndani ya mapafu ya mutu.

Najua fasi hiyo mazoea inatoka. Inatoka ku Ebola. Ile epidemi yetu ilianza tarehe 1 mwezi wa munane 2018, ikaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Miaka karibu mbili tumepimwa ku barabara, ku bandari, ku mulango ya benki, na mimi mwenyewe nilisimama miezi mingi na ile mashine mu mukono. Na kwa Ebola ilikuwa na maana kubwa, juu mutu wa Ebola haambukize mwingine mbele ya kuanza kuugua. Akiwa hana joto, hatapiki, haumwi, ule siku ile haambukize mutu. Ukimukamata wakati joto inaanza umeshinda, na njo moja ya sababu zenye zilifanya mu Goma yote tukapata wagonjwa wane tu mwaka wa 2019.

Korona haina tabia ile. Mutu wa korona anaanza kuambukiza siku moja ao mbili mbele asikie kitu chochote, na wengine, zaidi vijana wenye afya kama wenu, hawasikii kitu mupaka inaisha. Sasa fikiri, kijana wa miaka 22, anaamuka vizuri, joto yake 36.5, anapita ku termoflashi kama malaika, kiisha anaingia katikati ya watu 70 na kupumua kwa nguvu saa moja nzima. Mashine haikukosea, ilipima joto na joto haikuwako. Nyinyi njo munakosea mukifikiri ile namba inasema hana korona.

Tena hata joto yenyewe haipimwi vizuri. Siku ya Mungu yenye imepita nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikakuta kikundi kimoja karibu na rompwe (muzunguko wa barabara) ya Chukudu, haijafika saa kumi na mbili. Kijana anapima watu ku mukono, mistari inatembea mbio mbio, nikasimama pale pembeni nikaangalia kile kioo kidogo: 33.8. Anasema "sawa, pita". Mwenye anafuata 34.1, "sawa, pita". Ndugu yangu, mutu mwenye mwili wake iko kweli na 33.8 hawezi kusimama ku mustari akicheka, angekuwa kwenye kitanda cha hospitali. Ile ilikuwa ni ngozi yenye imepigwa na baridi ya asubui, na hata mwenye homa angepita vilevile. Hakuna mutu hata mumoja alishangaa ile namba.

Kiisha wakaanza, na hapo njo niliona hatari yenyewe. Watu kama sitini, bega kwa bega, kapita, mwenye anaongoza, iko mbele anapiga filimbi, anaimba, wote wanaitika kwa sauti yote. Kapita akachoka, akatoa filimbi mu kinywa, akaipanguza ku tricot (nguo ya juu), akamupa mwenzake, naye akaitia mu kinywa. Ku mwisho bidoni ya maji ya kunywa, kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa na kamba, kinazunguka. Yote hiyo nyuma ya kupimwa muzuri sana ku mulango.

Kukimbia peke yake inje si tatizo kubwa, hewa iko inatembea na kila mutu anapita mbio. Tatizo ni kusongamana na kuimba. Mu Marekani, ku jimbo la Washington, kuko kwaya moja ya Skagit, tarehe 10 mwezi wa tatu walikutana watu 61 kuimba saa mbili na nusu, kati yao mumoja alikuwa na mafua tu. 53 wakapatikana na ugonjwa, wawili wakafa. Ni kweli ile ilikuwa ndani ya nyumba na nyinyi muko inje, lakini kuimba kwa nguvu kunatoa vitone vingi kuliko kusema, na mutu wa nyuma yako anavuta pumuzi mingi kuliko kawaida.

Kwa hiyo gawanya ile 70. Watu kumi kumi, kila kundi na saa yake, wa kwanza saa kumi na moja, wengine nusu saa nyuma, na barabara zao tofauti, hawa waelekee Himbi, wale Ndosho, wasikutane ku stade ku mwisho kufanya viungo mu duara. Makundi yasichanganyike, wale kumi ni wale kumi kila juma. Kapita aandike majina na namba za simu, ile daftari itakusaidia kuliko mashine yoyote siku mutu mumoja akiugua. Masiki mutavaa mukisimama kungojana na mukimaliza, wakati wa kukimbia munaweza kuitoa, hata OMS (Shirika la Afya la Dunia) inasema usifanye mazoezi ya nguvu ukiwa nayo, ikilowa jasho haupumui vizuri. Chupa ya maji kila mutu na yake, filimbi kila kapita na yake. Na wimbo, kwa sasa, hapana. Najua bila wimbo inakuwa kama si futingi ya Goma, mimi pia nililala na kuamuka na zile nyimbo tangu utoto, lakini pigeni makofi, kwa sasa ile inatosha.

Na mwenye anakohoa asikuje. Hapa kwetu kila mutu anasema "ni vumbi ya volkano", na mara mingi ni kweli, lakini haiwezekani kuijua kwa sikio, abaki nyumbani hiyo juma.

Ile mashine ya kupulizia, rudisha. OMS ilisema wazi mwezi wa tano kwamba kupulizia watu dawa haifai hata kidogo. Virusi iko mu koo na mapafu, si ku tricot. Klore ku macho na mu kifua cha mutu mwenye anaenda kukimbia inamuletea kikohozi, na mwenye asma unaweza kumuangusha. Ule ndugu anatafuta soko ya vitu vyenye vilibaki, na ninamukasirikia juu anauza woga ya watu.

Wale wawili wenye walipona: hapana, si siku ya kwanza. Wakae siku 14 bila dalili yoyote, waanze na kutembea, juma ya pili wachanganye kutembea na kukimbia polepole. Hii virusi inaweza kuingia ku misuli ya moyo, na moyo wenye umevimba ukiusukuma unaweza kusimama. Wakisikia maumivu ya kifua, moyo kuruka ruka, kizunguzungu, ao pumuzi kukatika kwa kitu kidogo, wasimame papo hapo na wakafanyiwe kipimo cha umeme cha moyo.

Nasisitiza hiyo juu ya wale wenye wanatembea mu mitaa wakisema korona inatoka na jasho. Wanauza tangawizi, mubirizi (majani machungu ya dawa), majani ya mikaratusi ya kujifukiza, kiisha wanaambia mugonjwa "enda ukimbie, uitoe". Tangawizi kunywa kama unaipenda, sina shida nayo. Lakini jasho ni maji na chumvi, inapoza mwili, haibebi virusi kutoka mu mapafu. Kukimbia na homa ni kuongeza moto ku nyumba yenye inaungua. Mwezi wa saba waliniletea kijana wa miaka 26, mukimbiaji muzuri, alikuwa na homa siku tatu, mutu mumoja wa dawa alimuvalisha pulovere mbili na sashe ya plastiki chini yake akamutuma kukimbia. Alianguka ku barabara. Alifika kwetu midomo ya bluu, tukamuweka ku oksijeni siku tisa, na mama yake alikuwa anashika ile pulovere yenye ilikuwa bado na maji, anauliza "doktere, si alitoa jasho mingi?" Leo anatembea kutoka Himbi mupaka Kituku na kurudi, polepole, anapumuzika mara mbili mu njia. Kukimbia bado sijamuruhusu.