Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu ibada ya nyumbani inayofifia kila inapoanzishwa

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeeleza kwamba mmeanzisha ibada ya jioni zaidi ya mara moja na kila mara imekufa ndani ya wiki chache, kwamba kijana wa sekondari hukaa amenuna na wadogo husinzia, na kwamba baba yao hurudi usiku. Najibu kama mzazi wa Kilutheri wa Dar es Salaam, ambaye watoto wake wamekulia katika ibada hiyo.

Kwa maoni yangu, kinachoiua ni kuigeuza sebule kuwa kanisa. Ibada ya Jumapili ina liturujia, kwaya, matangazo na mahubiri, na hubebwa na watu wengi; mzazi mmoja aliyetoka kwenye foleni ya magari hawezi kuyabeba yote hayo kila jioni. Sisi tuna wimbo mmoja kutoka kitabu chetu cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, kifungu kimoja, swali moja, maombi na Sala ya Bwana, kisha tunapakua chakula. Tunatangulia kusali kabla ya kula kwa sababu watoto wakishashiba huwapati tena.

Wengi wetu katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tunaichukulia Katekisimo Ndogo, muhtasari wa Martin Luther wa mafundisho ya msingi ya imani, kuwa kitabu cha darasa la kipaimara. Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia kumwonyesha jinsi waumini walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi ya imani, na vichwa vya sehemu zake vinamtaja mkuu wa nyumba kuwa ndiye atakayewafundisha watu wa nyumbani mwake. Humo mna sala ya asubuhi na ya jioni, zote fupi, na baada ya ile ya jioni anaagiza mtu alale mara moja kwa furaha, agizo ambalo wadogo wetu hulitii kuliko yote.

Kuhusu masomo, msianze Mwanzo mkidhani mtafika Ufunuo, maana familia nyingi hukwama Mambo ya Walawi. Anzeni na Marko, Injili fupi kuliko zote, yenye sura 16, mkichukua kisa kimoja kwa jioni. Swali nalo liwe la kweli, lisiwe la kumpima mtoto kama amesikiliza. Tuliposoma sura ya 4, ambapo Yesu amelala chomboni huku dhoruba ikivuma, niliuliza kwa nini alilala, nikitarajia kusikia habari za imani. Mdogo wetu akajibu kwamba alikuwa amechoka, kwa kuwa alifundisha watu siku nzima. Jibu hilo limo katika sura ileile, nami sikuwa nimelifikiria.

Sasa kijana wako. Kabla ya kumlaumu kwa kununa, sikiliza maombi yanayoombwa mbele yake. Wazazi tuna tabia ya kumsema mtoto kwa njia ya maombi: tunafumba macho na kumweleza Mungu habari za alama za hisabati, marafiki wasiofaa na simu isiyowekwa chini, ilhali anayeambiwa yote hayo amekaa palepale, wala hawezi kujibu kwa sababu ni sala. Mtoto anayesemwa hivyo kila jioni atanuna, na ana haki. Kwetu jambo hilo ni mwiko. Mwenye neno na mtoto humwita pembeni. Kisha mpe kazi yenye uzito. Katika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto tunawaona watoto wakisoma masomo na kuongoza ibada mbele ya usharika mzima, halafu tukirudi nyumbani tunawanyamazisha mwaka mzima. Mwachie achague masomo ya wiki na aongoze, na akikosea usimsahihishe mbele ya wadogo zake. Simu, kwa uzoefu wangu, huwa tatizo dogo mtoto akiwa ndiye anayeongoza.

Jiandaeni pia kwa maombi ambayo hayatajibiwa mlivyoomba. Watoto wetu walimwombea bibi yao apone, naye akafariki, na mmoja akakataa kabisa kuomba. Hatukumlazimisha wala hatukumpa maelezo. Tulisoma Zaburi ya 13, ambamo mwenye kuomba anamuuliza Mungu atamsahau hata lini, na akatambua kwamba malalamiko nayo yamo ndani ya Biblia. Alikaa nasi kimya kwa muda mrefu kabla hajaomba tena kwa sauti.

Kama mna dada wa kazi, awe na zamu yake kama wengine ikiwa ni Mkristo na anapenda. Akiwa Mwislamu, asilazimishwe kukaa, wala asipewe kazi za jikoni saa hiyo kana kwamba anaadhibiwa.

Kuhusu mume wako, usiisimamishe ibada ukimngoja. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, si Myahudi kama mama yake, na Paulo anapoitaja imani ya kijana huyo katika 2 Timotheo 1:5 anaihusisha na bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Ongoza wewe siku za kazi, naye apewe Jumamosi au siku yoyote anayowahi kurudi. Akikuta mmeshamaliza, mmoja wa watoto amsimulie kilichosomwa wakati anakula. Kwetu mazungumzo hayo ya mezani mara nyingi huwa marefu kuliko ibada yenyewe.