Fedha za Pentagon kwa kampuni ndogo: majibu ya barua zenu

Safari iliyopita niligusia kwa mistari michache mpango wa SBIR, ambao unazilazimisha taasisi za serikali ya Marekani, Pentagon (wizara ya ulinzi) ikiwemo, kutenga sehemu ya fedha za utafiti kwa ajili ya kampuni ndogo. Barua zimemiminika, nyingi kutoka kwa Waswahili mnaoishi hukohuko Marekani. Najibu zile zinazowagusa wengi.

Kwa nini jeshi lenye makampuni makubwa ya silaha liwape kazi watu watatu kwenye karakana? (Msomaji, Minneapolis)

Kwa sababu watu watatu wanathubutu mahali ambapo kampuni kubwa inapiga hesabu ya hasara kwanza. Roland Tibbetts, ofisa wa mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, aliliona hilo mapema na mfuko wake ukaanza majaribio mwaka 1977. Mwaka 1982 Rais Ronald Reagan akasaini sheria. Kiwango kilichowekwa tangu 2017 ni asilimia 3.2 ya bajeti ya utafiti unaofanyiwa nje, kwa kila taasisi ambayo bajeti hiyo inazidi dola milioni 100. Taasisi zinazohusika ni 11, na Pentagon ndiyo yenye fungu nono kuliko zote.

Mtazame iRobot. Ilianzishwa mwaka 1990 na watu watatu waliotoka chuo cha MIT. Roboti yao PackBot ilikua kwa fedha za DARPA, kitengo cha utafiti cha Pentagon, na mwaka 2002 ikawa inatangulia kuingia mapangoni Afghanistan ili askari asiwe wa kwanza kukanyaga bomu. Mwaka huohuo kampuni ileile ikaanza kuuza Roomba, ile mashine inayofagia sebule za watu.

Mimi ni Mkongo, nilikuja kama mkimbizi, sasa nina kadi ya kijani. Kampuni yangu inatengeneza vihisio vya droni. Naruhusiwa? (Msomaji, Dallas)

Unaruhusiwa, kaka. Sheria inataka kampuni iwe ya kibiashara, iwe na wafanyakazi wasiozidi 500, na zaidi ya nusu yake imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Wewe ni mkazi wa kudumu. Kazi yenyewe ifanyikie Marekani, na mtafiti mkuu awe ameajiriwa na kampuni yako kwa zaidi ya nusu ya muda wake.

Ila kuna mambo mawili nataka uyashike sana. La kwanza, miradi ya siri inahitaji kibali cha usalama, na kibali hicho kwa kawaida ni cha raia tu. Nyingi za Awamu ya Kwanza, ile ya kuthibitisha wazo tu, si za siri, kwa hiyo anzia huko. La pili ni sheria ya kudhibiti usafirishaji wa teknolojia ya kijeshi, inayojulikana kama ITAR. Kwako wewe mlango uko wazi, maana mwenye kadi ya kijani anahesabika kama mtu wa Marekani. Binamu yako aliyeko Bukavu hahesabiki. Najua tulivyo, ndugu akijua kompyuta tunamtumia kazi usiku, asubuhi imeisha. Ukimtumia mchoro unaolindwa na ITAR, hata kwa WhatsApp, hata bure, umesafirisha teknolojia ya kijeshi bila leseni, na hilo ni kosa la jinai. Tafadhali usifanye.

Tangu sheria ya 2022 iliyouongezea mpango muda, vilevile, unatakiwa kutaja uhusiano wowote wa kampuni na nchi za nje, wawekezaji wakiwemo. Sema kila kitu mapema.

Ni mkopo au ruzuku? Serikali inachukua hisa? (Msomaji, Columbus)

Si mkopo, na hisa haichukui hata moja. Kwa Pentagon mara nyingi ni mkataba: unalipwa kadiri unavyokabidhi kazi. Awamu ya Kwanza, ya kuthibitisha kwamba wazo linawezekana, huwa kati ya dola 50,000 na 250,000 kwa miezi sita hadi mwaka. Awamu ya Pili, ya kutengeneza kifaa cha mfano, hufika dola 750,000 na zaidi, kwa takriban miaka miwili.

Awamu ya Tatu haina senti ya SBIR, na hapo ndipo wengi wanafia. Kifaa kinafanya kazi, afisa aliyekipenda amehamishwa kituo, na bajeti ya ununuzi ya mwaka ujao ilishapangwa zamani. Wenyewe wanaliita bonde la mauti. Lakini sheria imekupa fimbo ya kuvukia: taasisi yoyote ya serikali inaweza kukupa mkataba wa Awamu ya Tatu bila kushindanisha zabuni, kwa kuwa ushindani ulikwishafanyika mwanzoni. Na data ulizozalisha zinalindwa kwa miaka 20, serikali isimpe mshindani wako. Kwangu mimi haki hizi mbili zina thamani kuliko hundi ya kwanza. Anza kumtafuta mnunuzi siku ya kwanza ya Awamu ya Pili, usingoje kifaa kikamilike.

Mtu ananidai dola 900 anisajilie kampuni kwenye mfumo wa serikali. (Msomaji, Houston)

Usimlipe. Usajili wa SAM.gov ni bure kabisa. Hao ni vishoka, kama wa pale mlangoni kwa ofisi za ardhi.

Andiko langu la kuomba fedha hizi limekataliwa mara mbili. (Msomaji, Seattle)

Pole, dada. Langu la kwanza nalo lilikataliwa, na kosa lilikuwa langu: nilijaza kurasa kwa kusifia teknolojia yangu, tatizo la jeshi nikaligusa kwenye aya ya mwisho. Geuza. Pentagon inapotoa mada, yaani matatizo inayotaka yatatuliwe, huziweka hadharani siku kadhaa kabla ya kuanza kupokea maandiko, na katika kipindi hicho unaruhusiwa kuzungumza moja kwa moja na mhandisi aliyeiandika mada. Dirisha likifungwa huwezi tena. Mpigie. Muulize nini kilishajaribiwa kikashindwa. Dakika ishirini naye zitakuonyesha kama andiko lako lina mahali.

Niko Dar. Naweza kuomba? (Msomaji, Kinondoni)

Hapana, kaka, kwa sharti lile la umiliki na kazi kufanyika Marekani. Kwetu utafiti wa kijeshi umekaa ndani ya mashirika ya umma kama Nyumbu kule Kibaha na Mzinga kule Morogoro. Natamani kwa moyo wote wabunge wetu walisome wazo la Tibbetts. Halikudai fedha mpya, lilidai sehemu ndogo ya fedha zilizokwishapangwa. Vijana wanaounda droni mitaani wangepata mteja wa kwanza.

Nasikia mpango umekufa. (Msomaji, Atlanta)

Bunge la Marekani huupa uhai wa muda. Ule wa 2022 uliisha tarehe 30 Septemba 2025, na matangazo mapya yakasimama. Kabla ya kuandika, fungua tovuti ya Pentagon uone kama mada ziko wazi.

Mwanangu kaajiriwa na kampuni ya namna hii. Je, anatengeneza vya kuua watu? (Mama, Tanga)

Shikamoo, mama. Vingine ni silaha, siwezi kukuficha. Vingine ni betri, mawasiliano, dawa. Kampuni ndogo ya Oregon, RevMedx, ilipata fedha za jeshi ikaunda bomba la kusukumia vijisponji kwenye jeraha la risasi. Vinavimba kwa takriban sekunde 20 na kuziba damu. Kifaa kinaitwa XStat. Kiliruhusiwa kwa wanajeshi mwaka 2014, na mwaka 2015 kwa raia pia. Muulize mwanao jina la mada anayofanyia kazi. Nyingi zimechapishwa wazi, na akikutajia niandikie, nitakusomea na kukueleza kwa Kiswahili inahusu nini.