Betri inakata mlimani: tuiruke BMS?

SWALI: Nilijitengenezea baiskeli ya nusu kulala, ile ya kukaa ukiegemea huku pedali ziko mbele. Ina mota ya wati 500 ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya volti 48 ya seli za laptopu, na shokamzoba niliyoitoa kwenye bodaboda kuukuu. Betri nimeifunga kwenye mkono wa nyuma, kando ya gurudumu, ili uzito ukae chini. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, lakini asubuhi nikivuka mto Mbagathi na kuanza kupanda, umeme unakatika ghafla. Nikizima na kuwasha unarudi, kisha unakata tena. Fundi anasema BMS, ile bodi ndogo ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ndiyo mbovu, tuiruke kwa waya, na kwamba hata bodaboda za umeme hufanyiwa hivyo. Nikubali?
— Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Na kama waya huo umeshachomelewa, usiichaji betri hiyo usiku wa leo.

Haipiti wiki bila mtu kuniletea jambo hili, na maneno ni yale yale: BMS inasumbua, BMS inakata, tuitoe. Bodi hiyo ndogo ndiyo kitu pekee kwenye baiskeli yako kinachokuambia ukweli. Betri ya volti 48 ni makundi 13 ya seli yaliyopangwa mfululizo, na BMS hupima kila kundi peke yake. Kundi moja likishuka chini ya kiwango, ambacho kwa kawaida ni kati ya volti 2.5 na 3, inakata umeme wote hata kama yale 12 mengine bado yana chaji. Wewe ukiweka mita kwenye ncha mbili za betri unaona volti 47 na kusema chaji ipo. Ipo, ila si katika kila kundi.

Mbona mlimani tu? Mwenye baiskeli ya kawaida akifika mlimani husimama juu ya pedali na kuzikandamiza kwa uzito wa mwili. Wewe mgongo umeshikwa na kiti, una miguu tu. Mwendo unashuka, na mota ya ndani ya gurudumu, ambayo haina gia ya kubadili, ikizunguka polepole hunywa ampea nyingi na sehemu kubwa inaishia kuwa joto. Mvuto huo ndio unaoliangusha kundi dhaifu chini ya kiwango. Sifa ya baiskeli za kulala ni kwenye tambarare, kwa sababu zinakata upepo. Mwaka 1933 Francis Faure alivunja rekodi ya mwendo wa saa moja kwa baiskeli ya namna hiyo iliyoundwa na Charles Mochet, na mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, ikazifungia nje ya mashindano. Lakini kile kilikuwa kiwanja cha mbio, si Magadi Road.

Sasa nikuambie ninachoshuku hasa. Springi ya bodaboda iliundwa kubeba pikipiki nzima, dereva, abiria na gunia la viazi. Chini ya baiskeli yako ni kipande cha chuma tu. Keti kitini na mwenzako apime: inatakiwa izame robo hadi theluthi ya safari yake yote. Ikizama kidogo kuliko hapo, ni ngumu mno kwako, na kwa kuwa huwezi kunyanyuka kitini ukifika kwenye tuta, uti wa mgongo wako ndio unaofanya kazi ya springi. Tena betri umeifunga upande wa gurudumu, ambako kila shimo linaifikia kama lilivyo, bila kupunguzwa na chochote.

Mwezi uliopita nilifungua betri iliyofungwa hivyo hivyo. Kwa nje ilikuwa safi kabisa. Ndani, ukanda wa nikeli unaounganisha seli ulikuwa umepasuka pembeni mwa nukta za kuchomelea, ufa mwembamba kama unywele, na pale ulipopasuka pamebaki doa jeusi la cheche. Kundi la seli nne lilikuwa limebaki na tatu. Kontrola, yaani kisanduku kinacholisha mota, ikiwa ya ampea 20 na ikivuta zote, kila seli kati ya nne hutoa ampea 5; zikibaki tatu, kila moja inabeba karibu 7. Seli ya laptopu haikuundwa kwa kazi hiyo.

Na juu ya BMS kulikuwa na waya mwekundu mnene, umechomelewa kutoka B-, ncha hasi ya seli, hadi P-, ncha hasi inayotoka kwenda nje, ili umeme usipitie kwenye bodi. Kazi ya dakika tano, na mwenye betri alilipishwa.

Waya ule unafanya hivi. Mlimani hakuna tena wa kukata, kwa hiyo kundi dhaifu linanyonywa hadi linaisha kabisa, na mengine 12 yanaendelea kulisukumia mkondo hadi ncha zake zinageuka, chanya inakuwa hasi. Shaba iliyo ndani ya seli inaanza kuyeyuka. Baiskeli inakufikisha nyumbani, fundi anasifiwa. Usiku unachomeka chaja. Kwenye bodi nyingi za bei ndogo chaja nayo hupitia P-, kwa hiyo ulinzi wa kuchaji umeondoka pia. Chaja inajua jumla tu, volti 54.6. Kundi bovu likigoma kwenye volti 2, zile 52.6 zilizobaki zinagawanywa kwa 12, karibu volti 4.4 kila moja, wakati mwisho wake ni 4.2. Na ile shaba iliyoyeyuka, seli inapochajiwa inajijenga upya ndani yake na inaweza kuunganisha chanya na hasi. Ndiyo maana betri hizi mara nyingi zinawaka zikiwa kwenye chaji, watu wamelala. Moshi wake ni sumu, na chumba kimoja kinajaa kabla mtu hajaipata kandambili.

Bodaboda za umeme zisitumiwe kukudanganya. Zile za kubadilisha betri vituoni huja na betri iliyofungwa, na ndani yake mna bodi ya ulinzi. Anayezifungua na kuziruka anahatarisha jengo zima. Nimechoka kuona mafundi wanaouza ukimya kama matengenezo: taa ya hitilafu wanaitoa, fyuzi wanaifunga kwa waya, na mteja anaondoka akishukuru.

Kwa yako, pima makundi yote 13 kwenye soketi ya nyaya nyembamba za BMS, kwanza ikiwa imetulia, kisha mara tu baada ya kukata. Kundi litakalokuwa chini ya wenzake ndilo la kufunguliwa, na alifungue mwenye mashine ya kuchomelea nukta, si mwenye chuma cha kulehemu kwa risasi. Tafuta springi laini. Betri ihamie kwenye fremu kuu, juu ya raba, na iwekwe mahali unapoweza kuichomoa haraka, kwa maana aliyeegemea na miguu iko mbele hashuki upesi.

Hadi hapo, itoe kwenye baiskeli. Iweke nje, juu ya saruji, mbali na mlango mnaopitia.